Kuchangisha fedha na kuandaa hafla katika kituo cha sanaa cha ufukweni: mwongozo kamili kwa anayeanza Unguja

Kwenye matangazo ya ajira kazi hii ina majina mengi: afisa uchangishaji, mratibu wa hafla na wadhamini, afisa rasilimali. Ukifika ofisini unakuta yote hayo ni mtu mmoja mwenye meza moja na simu mbili. Asubuhi anaandika andiko la mradi, mchana anabishana na mwenye turubai, usiku anahesabu fedha za mlangoni. Nyuma yake wako walimu wa ala za taarabu, udi, ganuni na ngoma, wanaotazamia mshahara mwisho wa mwezi.

Nimeandika nikiufikiria Mji Mkongwe wa Zanzibar, kwa sababu pale sanaa na bahari vimekaa ukuta kwa ukuta, kuanzia Ngome Kongwe na Forodhani hadi Mizingani. Aliyeko Bagamoyo, Mombasa au Lamu atabadilisha majina ya ofisi, na mengi yaliyobaki atayatumia vilevile.

Fahamu kwanza kwa nini vituo hukwama

Sauti za Busara ni tamasha linalojulikana dunia nzima, na limekuwa likifanyika Unguja tangu 2004. Mwaka 2016 halikufanyika, fedha hazikutosha. Lilirudi 2017. Chuo cha muziki cha DCMA (Dhow Countries Music Academy) kilianzishwa 2002 na kwa miaka mingi kilikaa katika jengo la Forodha ya zamani pale Mizingani. Mwaka 2019 nacho kilitangaza kwamba kinaweza kufunga milango, maana fedha za wafadhili wa nje zilikuwa zimepungua na wanafunzi wengi hawakuwa na uwezo wa kulipa ada. Hakikufa, lakini kila mtu wa sanaa visiwani aliiona hatari ile.

Hakuna kati ya hivyo viwili kilichokosa wasanii, watazamaji au sifa. Balozi na mashirika ya nje huja kwa mkataba wa miaka miwili au mitatu, kisha sera ya kwao hubadilika na mkataba hauongezwi. Basi tangu siku ya kwanza ujue unachotafuta: wachangiaji wengi wa karibu watakaorudi mwaka ujao, pamoja na wafadhili wachache wa mbali. Hao wa karibu hawaletwi na hafla kubwa. Wanaletwa na daftari lililoandikwa vizuri na shukrani zinazofika kwa wakati. Hafla ni mahali pa kukutana nao tu. Nitalirudia hili tukifika kwenye bajeti, maana wakubwa wengi wa vituo hawaliamini mpaka waone hesabu.

Hatua ya 1: Jifunze kazi kabla hujaipata

Kama umewahi kuwa mweka hazina wa kamati ya harusi, umeshaanza. Nasema kweli. Kamati ya harusi ya Dar es Salaam ina kadi za mchango, orodha ya ahadi, kundi la WhatsApp, mtu wa kukumbushia waliokawia, na tarehe isiyosogezwa. Ndiyo kazi yenyewe. Tofauti iliyopo ni kwamba harusi huisha siku moja na kamati ikavunjwa, na kituo cha sanaa hakivunjwi. Aliyekuchangia leo utamhitaji tena mwakani, kwa hiyo huwezi kumwandama kama unavyomwandama shemeji.

Baada ya hapo tafuta tamasha ujitolee. Omba upangiwe mlangoni, kwenye tiketi, au kwenye ofisi ya wadhamini. Nyuma ya jukwaa kuna raha zaidi, lakini hutajifunza fedha huko. Mlangoni utajua nani hulipa, nani huomba kuingia bure, na chenji huisha saa ngapi.

Shule nayo ina nafasi yake. TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, hufundisha sanaa za maonyesho ufukweni kabisa, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya sanaa na ubunifu. Mhitimu wa uhasibu au utalii aliyependa muziki naye huifanya kazi hii vizuri sana, pengine kuliko msanii. Lisilokwepeka ni kwamba ujue kutumia jedwali la hesabu la kompyuta, uandike Kiswahili sanifu na Kiingereza kisicho na makosa, na usiogope kupiga simu.

Unapojitolea, hifadhi nakala za kazi zako: bajeti moja pamoja na matumizi halisi yaliyofuata, barua moja ya kuomba udhamini iliyojibiwa, na ripoti moja. Ondoa majina ya watu. Karatasi hizo tatu zitakusemea kwenye usaili kuliko vyeti.

Hatua ya 2: Kwenye usaili, uliza na wewe

Utaulizwa umewahi kuchangisha kiasi gani. Jibu kwa ukweli, hata kama ni laki tatu za vifaa vya timu ya mtaa, na ueleze ulizipataje. Kisha uliza swali hili: mshahara wangu umo kwenye bajeti ya mradi gani, na mradi huo unaisha lini? Vituo vingi huajiri mchangishaji kwa fedha za mradi mmoja, wakitarajia ajitafutie mshahara wa mwaka wa pili. Si dhambi, ila ulijue kabla ya kusaini.

Uliza pia nani anaidhinisha matumizi, kama hesabu hukaguliwa kila mwaka, na kama bodi yenyewe huchangia. Mjumbe wa bodi ambaye hajawahi kutoa hata shilingi elfu hamsini atakuwa shahidi dhaifu ukienda naye kumwomba mwenye hoteli.

Ukiambiwa utalipwa asilimia ya utakachokusanya, kataa kwa adabu. Mchangiaji aliyetoa laki moja kwa ajili ya fidla za watoto hatapenda kusikia elfu kumi na tano zimeingia mfukoni mwako, na habari za namna hiyo hazikawii kuvuka kutoka Shangani hadi Ng'ambo.

Hatua ya 3: Fungua daftari la wachangiaji

Hapa ndipo kazi ilipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ukianza kazi utakuta majina yametapakaa: mengine kwenye simu ya mkurugenzi, mengine kwenye kitabu cha wageni pale mlangoni, mengine kwenye vitabu vya risiti vya zamani, mengine kichwani mwa mlinzi aliyekaa hapo miaka mingi. Tumia wiki zako za kwanza kuyakusanya. Jedwali la kawaida la kompyuta linatosha. Usikubali kuuziwa programu ya bei mbaya. Safu ninazozihitaji ni hizi: jina kamili, namna anavyopenda kuitwa, simu, alichangia nini na lini, alitoa kwa ajili gani, nani alimleta, ameshukuriwa lini, na jambo la kukumbuka.

Safu mbili kati ya hizo hupuuzwa sana. Ya kwanza ni "anavyopenda kuitwa". Kuna mama mwenye duka ambaye kwenye cheti ni Bibi fulani na mtaani ni Mama wa mwanawe wa kwanza, na kuna mzee aliyehiji ambaye barua isiyomwita Alhaji ataiweka pembeni. Ya pili ni "nani alimleta". Visiwani mchango hutoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Aliyemleta mwenzake ndiye atakayekwenda naye tena mwakani, na ndiye wa kwanza kupigiwa simu jambo likiharibika.

Tenganisha ahadi na fedha. Ahadi iliyotangazwa kwa kipaza sauti si mapato. Iandike kwenye safu yake, na tarehe ya kukumbushia. Kukumbushia kuna adabu yake: ujumbe mmoja baada ya wiki moja, simu baada ya mwezi, kisha unanyamaza. Ukizidisha, mtu hulipa ahadi ile na hatoi tena maisha.

Malipo yaingie kwenye namba ya biashara ya kituo, na jina linalotokea kwenye simu ya mlipaji liwe la kituo. Likitokea jina la mhasibu au la mkurugenzi, umemwachia mtu shaka ambayo hatakuambia. Kila aliyetoa apewe risiti, hata wa elfu tano.

Na shukrani? Ndani ya siku mbili, kwa maneno ya mtu na si ya ofisi. Kitu kama hiki:

"Assalaam alaykum, Mzee wangu. Ile laki mbili uliyotupa imenunua nyuzi za udi na kutengeneza fidla mbili zilizokuwa kabatini tangu mwaka jana. Vijana watazipiga Alhamisi saa mbili na nusu usiku. Kiti chako kiko safu ya pili. Ukija na mama, niambie niongeze kingine. Risiti nimeiambatanisha."

Ujumbe huo hauombi kitu. Mwombaji mwenye haraka huweka ombi la pili humo humo, na ndipo anapoharibu.

Daftari hili lina siri za watu, kwa hiyo lisitumwe kwenye makundi ya simu wala lisiachwe wazi kwenye kompyuta ya mapokezi. Tanzania kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, lakini hata pasingekuwa na sheria, mtu hapendi jirani ajue alitoa kiasi gani.

Hatua ya 4: Andika andiko la mradi linalojibu walichouliza

Wafadhili wa sanaa wanaofahamika ni balozi zilizoko Dar es Salaam, taasisi za utamaduni kama Goethe-Institut na Alliance Française, na mifuko ya kimataifa. Mfuko wa UNESCO wa uanuwai wa utamaduni, kwa mfano, hupokea maombi kupitia mtandao, na mradi mmoja unaweza kupata hadi dola 100,000. Sikushauri uanze na mkubwa huo. Kituo ambacho hakijawahi kutoa ripoti ya dola elfu tano hakiwezi kubeba ripoti ya laki moja. Anza na ruzuku ndogo ya ubalozi, itumie vizuri, itolee hesabu mapema, kisha panda.

Na taasisi nyingi za utamaduni hazitoi fedha taslimu kirahisi, ila zitalipa tiketi ya ndege ya mwalimu, au zitaleta kikundi na mitambo yake. Hilo nalo ni mchango. Lipe thamani ya shilingi, liingize kwenye ripoti yako ya mwaka.

Kuhusu uandishi wenyewe, soma tangazo mara ya kwanza uelewe, mara ya pili ukiwa na kalamu, uorodheshe kila swali waliloliuliza. Jibu kwa mpangilio wao, si wako. Sema wanafunzi wangapi, umri gani, shehia zipi, watafundishwa nini na nani, kwa muda gani. "Kuwawezesha vijana kupitia sanaa" ni sentensi ambayo msomaji wa ubalozi ameshaisoma mara hamsini kabla ya kufungua andiko lako.

Bajeti ndiyo husomwa kwanza. Wafadhili hupenda kulipia warsha na matamasha. Umeme, kodi ya jengo na mshahara wa mlinzi hawavipendi. Usivifiche. Weka sehemu yake kwa haki: kama mradi utatumia theluthi moja ya vyumba, theluthi ya umeme iwemo. Kumbuka pia kwamba dola waliyokuahidi Januari huenda ikafika Juni ikiwa na shilingi pungufu, acha nafasi hapo.

Kama kituo kimesajiliwa Bara kama shirika lisilo la kiserikali, mikataba ya fedha inayozidi shilingi milioni 20 inatakiwa ipelekwe kwa msajili. Zanzibar ina msajili wake na sheria yake. Nenda ukaulize kabla fedha hazijaingia benki.

Hatua ya 5: Wadhamini wa biashara

Mdhamini si mfadhili. Mfadhili anataka kuona mabadiliko, mdhamini anataka kuonekana. Kampuni ya boti, benki, mtandao wa simu na hoteli kila mmoja ana mteja anayemtafuta, na swali lako ni kama mteja huyo anakaa kwenye viti vyako. Hoteli ya Shangani inataka wageni wake wawe na pa kwenda usiku. Mtandao wa simu unataka vijana. Usiwapelekee barua moja.

Waendee Septemba au Oktoba, bajeti za mwaka ujao zikiwa bado laini. Aliyeombwa Januari kwa ajili ya Februari hukupa fulana na maji ya chupa. Taja kitu kimoja kinachonunulika: "mitambo ya sauti kwa usiku nne, shilingi milioni nane" hueleweka haraka kuliko "udhamini wa dhahabu, fedha na shaba".

Kampuni za bia hukubali haraka, na hapo ndipo bodi iwe imeshaamua kabla barua haijaja. Zanzibar bango la bia juu ya jukwaa la watoto wanaosoma taarabu litakugharimu wazazi, na wazazi ndio kituo.

Hatua ya 6: Panga tarehe ukiwa na kalenda tatu mezani

Ya kwanza ni ya Kiislamu. Ramadhani hurudi nyuma karibu siku 11 kila mwaka, na sasa imeingia Februari, mwezi ambao pia ndio wa matamasha na watalii. Mwezi mzima huo hakuna muziki wa jukwaani. Tazama na Idi, na Maulidi.

Ya pili ni ya misimu na siasa. Masika ya Machi hadi Mei huua hafla ya wazi. Kusi huvuma katikati ya mwaka kwa nguvu ya kupasua mabango. Wageni hujaa Julai hadi Septemba, kisha Desemba hadi Februari, kaskazi ikivuma. Kila miaka mitano Oktoba kuna uchaguzi mkuu, na wiki za kabla na baada yake usiombe kibali cha mkusanyiko wa usiku kama huna ulazima.

Ya tatu wageni wa Bara huisahau: ya maji. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji ya Unguja hujaa kama saa kumi au kumi na moja, alfajiri na jioni, na hupwa kama saa nne au tano, asubuhi na usiku. Tofauti ya kujaa na kupwa inaweza kufika mita nne. Maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, ni kinyume chake. Na kila siku maji huchelewa kwa karibu dakika 50.

Sasa tuseme unataka kuwapeleka wachangiaji wakubwa kwenye jahazi kutazama jua likizama, wakisindikizwa na udi na dumbaki. Mtu wa matangazo atachagua usiku wa mwezi mpevu kwa ajili ya picha. Watapanda bila tabu saa kumi na moja, maji yakiwa yamejaa hadi kwenye ngazi. Wakirudi saa tatu au nne usiku, maji yamekwenda. Jahazi litasimama mbali, na mzee wa miaka sabini atateremka gizani, viatu mkononi, kukanyaga mchanga na mawe. Sogeza siku tatu mbele. Maji yatajaa karibu saa moja usiku, watapanda mchana na kushuka usiku kwenye ngazi ile ile. Mwezi utachomoza wakiwa njiani kurudi. Mwulize nahodha, si kalenda ya ukutani peke yake, na uhakikishe chombo kina leseni na jaketi la kuokolea kwa kila kichwa. Tangu MV Spice Islander ilipozama Septemba 2011, hakuna Mzanzibari anayechezea idadi ya abiria, nawe usiongeze "mmoja tu".

Hatua ya 7: Bajeti ya usiku mmoja

Hii ni ya mfano, tarakimu ni zangu. Usiku wa taarabu, viti 200. Wenyeji 120 kwa shilingi 10,000 ni 1,200,000. Wageni 50 kwa 40,000 ni 2,000,000. Viti 30 ni vya walimu, wazazi na waalikwa. Jumla 3,200,000.

Matumizi: kikundi 1,200,000, sauti na taa 800,000, jenereta na mafuta 250,000, chakula cha wasanii na wafanyakazi 250,000, vibali na ulinzi 200,000, viti na turubai 200,000, matangazo 150,000, usafi 50,000. Jumla 3,100,000.

Viti vyote vimejaa, watu wamepiga vigelegele, na faida ni laki moja. Ukiweka akiba ya dharura ya asilimia 10, una hasara ya 210,000 kabla mvua haijanyesha. Akipatikana mdhamini wa 2,000,000, picha inageuka, na fedha hizo zilitafutwa miezi mitano nyuma kwa simu na barua, hazikuingia kwa mlangoni. Ndiyo maana nikasema hafla ni mahali pa kukutana. Mkurugenzi akikuambia "tufanye tamasha tupate fedha za mishahara", mwonyeshe jedwali hili taratibu.

Hatua ya 8: Vibali na majirani

Anza wiki sita kabla. Unahitaji Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni Zanzibar, polisi, na mamlaka ya Mji Mkongwe kama unafunga chochote kwenye jengo la urithi, kwa kuwa mji wote umo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2000. Ukiuza tiketi, ZRA, watu wa kodi wa Zanzibar, wana neno lao. Muziki wenye hakimiliki ni COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar. Bara ni BASATA (baraza la sanaa), COSOTA (hakimiliki) na halmashauri. Kenya anza na kaunti.

Kabla ya wote hao nenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa shehia. Nenda mwenyewe, usitume barua. Halafu mwone imamu wa msikiti wa karibu, umweleze saa za muziki, umwahidi kwamba adhana ikianza vipaza sauti vitakuwa vimezimwa. Kwa hiyo majaribio ya sauti yaishe kabla ya magharibi, na onyesho lianze baada ya isha, kama saa mbili na nusu. Tangazo linalosema saa moja hukuletea wageni wenye hasira na wenyeji ambao bado wako msikitini.

Hatua ya 9: Usiku wenyewe

Mpe kila mtu jambo moja. Wa tiketi asigawe maji. Wewe usishike kazi ya mikono hata moja. Kazi yako ni kusalimia wachangiaji kwa majina na kuona kinachoharibika.

Mambo machache ya ufukweni. Upepo ukielekea baharini hula sauti, ukielekea mjini huwaamsha wagonjwa. Weka spika zikitazama ukuta wa ndani, si maji. Umande wa chumvi hushuka usiku bila kuonekana, kwa hiyo mitambo isiyotumika ifunikwe, na nyaya zifutwe kwa kitambaa kikavu kabla ya kukunjwa. Mabango yawe ya nyavu. Jenereta iwashwe na ijaribiwe hata kama umeme upo. Ukingo wa maji uwe na taa na mtu, hasa kama kuna watoto.

Mlangoni weka chenji ya noti ndogo, na watu wawili wanaohesabu pamoja, wanaandika, wanasaini, wanafunga bahasha. Mmoja peke yake asiguse fedha, hata akiwa mwana wa bodi.

Katika taarabu, wapenzi huinuka kwenda kumtunza mwimbaji kwa noti. Amueni mapema, na kikundi kikiwepo, zile noti ni za nani: mwimbaji, kikundi, au zigawanywe. Nimeona ugomvi wa noti za elfu mbili mbili ukidumu kuliko tamasha. Maoni yangu ni ziwe za wasanii zote. Kituo kikizitamani, mwakani hakitapata mwimbaji.

Mgeni rasmi atachelewa. Panga kikundi cha wanafunzi kianze kwa wakati, naye akiingia atapokewa na muziki. Hotuba mbili zinatosha, na mshereheshaji awe mtu anayeweza kumkata mheshimiwa bila kumvunjia heshima. Wako wachache, walipe vizuri.

Hatua ya 10: Asubuhi yake, na wiki mbili zinazofuata

Asubuhi lipa uliowaahidi kulipa asubuhi. Fundi wa sauti aliyelipwa siku ile atakuja na jenereta ya pili mwakani bila kuombwa. Mchana ingiza majina mapya kwenye daftari, kabla kadi za mlangoni hazijapotea. Ndani ya siku mbili shukrani ziwe zimekwenda, kwa wadhamini pamoja na picha tatu nzuri, bango lao likionekana.

Ndani ya wiki mbili toa ukurasa mmoja: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki na kitafanya nini. Mpelekee kila mdhamini, kila mjumbe wa bodi, na sheha. Kama kuna hasara, iandike. Walioko Muscat, Dubai na London wakiombwa mchango huuliza wenzao wa nyumbani kwanza, na ukurasa huo ndio utakaopigwa picha na kutumwa.

Ukiweza, shawishi bodi itenge sehemu ndogo ya kila mchango usio na masharti kwenye akiba isiyoguswa. Wazee wa visiwani walijua jambo hili: waliacha nyumba, maduka na minazi kuwa wakfu, kodi na mavuno yakatunza misikiti na vyuo vya Qurani vizazi na vizazi. Sisemi muziki uingizwe kwenye wakfu, wako masheikh hawatakubali na wana haki yao, ila utaratibu wa kula mavuno na kuacha mti unaweza kufuatwa hata kwa akaunti ya benki.

Ukikaa, na ukihama

Miaka miwili ya kwanza ni ya kupanda. Mwaka wa tatu tazama safu ya tarehe kwenye daftari: wangapi wamechangia zaidi ya mara moja? Hiyo ndiyo tarakimu ya kumwonyesha mwajiri ukiomba nyongeza, kuliko jumla kubwa iliyotoka ubalozi mmoja. Kutoka hapo watu huwa wakurugenzi wa matamasha, maafisa wa programu kwenye taasisi za utamaduni, au waandaaji wa mikutano ya hoteli, ambako mshahara ni mzuri na usiku ni mfupi.

Siku ya kuondoka, kabidhi daftari kwa maandishi, pamoja na nywila, vitabu vya risiti na orodha ya ahadi ambazo hazijalipwa. Wachangiaji ni wa kituo. Wapigie wale kumi wakubwa, uwajulishe mrithi wako kwa jina, na wakikuuliza unakwenda wapi, wajibu bila kuwaomba wakufuate.